Mwaka Mvua Ilipovuka Mlima

Mwezi uliopita tulimzika Baba mdogo Kibwana, na siku zote za matanga nilimsikia akisifiwa. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, mgongo unaniuma, miguu imekufa ganzi, nikala wali na maharage ya msiba na kusikiliza. Mmoja alisema marehemu hakuwa na mfano kwa pamba. Mwingine akasema ndiye aliyewafundisha vijana wa kijiji kile kulima kisasa. Sauti ya imamu ikatufikia kupitia dirisha ikisema marehemu alikuwa mtu wa kazi. Hilo ni kweli. Alikuwa mtu wa kazi, hasa kazi ile inapofanywa na mtu mwingine. Sikusema kitu, maana msibani hapasemwi, na watoto wake wa mke wa pili walikuwa wanalia kwa haki. Lakini nimefika umri ambao naogopa kufa na maneno kuliko ninavyoogopa kuitwa mkorofi. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwake.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mjini Morogoro, nangoja matokeo. Mkewe Kibwana wakati huo alikuwa Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama yangu, naye aliniomba nikamsaidie kazi za nyumbani kijijini kwao, chini ya milima, upande wa Mlali. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Kitanda changu cha kamba kilibanwa kati ya magunia ya mbegu za pamba na bomba la kunyunyizia sumu, na harufu ya ile sumu iliingia kwenye shuka, kwenye nywele, mpaka chai nikawa naisikia ina ladha yake. Kuta za nyumba hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilisikika vyumba vyote. Baba mdogo alilijua hilo wala halikumsumbua. Alikuwa akimtukana mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Wewe tumbo lako ni gunia tupu," alimwambia mchana mmoja, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nachambua mchele. Kisha akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Huo ulikuwa wakati wa soko huria. Zamani pamba yote ilinunuliwa na chama cha msingi, na chama hicho hicho ndicho kilicholeta mbegu zikiwa zimechanganywa na dawa. Kisha kikafa. Hatukuambiwa kimekufa, tuliona tu ghala lake limefungwa na mbuzi wanalala barazani. Mahali pake wakaja wanunuzi wenye magari, kila mmoja akitaka kumuwahi mwenzake. Wakala mmoja aliyeitwa Sadiki, kijana mnene mwenye saa kubwa mkononi, ndiye aliyemletea Baba mdogo mbegu. Zilikuja kwenye magunia yasiyo na alama, mbegu zenye manyoya yake, hazijapakwa chochote, na hakuna aliyejua zimetoka shamba la nani. Baba mdogo hakuuliza. Aling'oa mahindi ya Mama mdogo yaliyokuwa yamefika magotini, akapanda pamba mpaka kwenye ukingo wa kisima. Na shamba lenyewe halikuwa lake. Kwetu Waluguru ardhi inakwenda kwa upande wa mama. Lile lilikuwa shamba la ukoo wa Mama mdogo, na yeye Kibwana, aliyezaliwa mjini, alilima pale kwa sababu tu ameoa pale. Nadhani hakuwahi kumsamehe mkewe jambo hilo.

Upande wetu ule milima hutunyima mvua. Mawingu humwaga yote Matombo na Kinole, upande wa pili, yakishavuka kilele yanatufikia yamekwisha, na ndiyo maana pamba ilikuwa inatupenda. Mwaka ule mvua ilivuka mlima. Vuli haikuisha, ikaungana na masika. Asubuhi tulikuwa hatuioni Uluguru, tunaona ukuta mweupe tu nyuma ya nyumba. Saa nne jua linatoka kali, ardhi inafuka mvuke, nguo zinagandia mgongoni. Saa nane upepo unashuka na mvua ya kulala, inapiga majani kutoka ubavuni. Pamba ilikua haraka, nene, yenye majani mapana, na Baba mdogo akawa anawaita watu waje waione. Kisha siku moja Mama mdogo akarudi shambani na majani mkononi, akayapanga juu ya meza.

Tukamwita bwana shamba. Alikuwa mtu wa Njombe, Bwana Sanga, mpole, mwenye baiskeli na koti la mvua lililochanika begani. Aliinua jani moja kuelekea jua akatuita tusogee. "Mnaona haya madoa? Yana pembe. Hayavuki mishipa ya jani. Leo yanaonekana kama yamelowa mafuta, keshokutwa yatakuwa meusi. Yakishuka kwenye shina, shina linakatika. Yakifika kwenye vitumba, pamba inaozea ndani kabla haijafunguka."

"Mdudu gani huyo?" Baba mdogo aliuliza.

"Si mdudu, Mzee Kibwana. Ni ugonjwa, umekuja na mbegu. Lakini mbegu peke yake isingefika huku. Mvua ndiyo inayoubeba. Tone likipiga jani bovu linarukia jani zima, na upepo unalisukuma. Mtu naye akipita shambani majani yamelowa, anaubeba kwenye nguo zake mstari kwa mstari."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Mama mdogo.

"Msiingie mpaka pakauke. Ng'oeni mashina yaliyozidiwa, mchome. Jua likiwaka mfululizo, majani mapya yatatoka safi. Mengine hatuna uwezo nayo."

"Na sumu?"

"Sumu ni ya wadudu. Hapa hakuna wa kufa."

Baba mdogo alicheka, akamtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka kofia. "Yaani serikali inakulipa uje kuniambia nikae nyumbani niangalie mvua? Mkulima na mvua wagombane?" Akamfungulia mlango. Bwana Sanga alipokwisha kupanda baiskeli yake, Baba mdogo akasema, akihakikisha anasikika, kwamba watu hao hao waliua chama na sasa wamekuja kuua pamba.

Kazi ya kunyunyiza ikaanza asubuhi iliyofuata, umande ukiwa bado majanini. Vibarua walikuwa wanne. Watatu walikuwa wa pale pale kijijini, nao walipoona sumu inachanganywa mara mbili ya kipimo na bomba linavuja mgongoni, wakaanza kuumwa mmoja mmoja, huyu mguu, huyu jino, mpaka wakaisha. Akabaki Yohana, kijana wa Kigogo kutoka upande wa Mpwapwa, ambaye hakuwa na kwao pa kwenda kuumwa. Alilala kwenye kibanda cha majembe nyuma ya jiko letu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkimya, na alipokula na sisi jikoni alikuwa anamega ugali kidogo kidogo ili asionekane anamaliza. Baba mdogo alikula peke yake sebuleni, kwenye meza yenye kitambaa. Kuku akichinjwa, sisi tulipata shingo na miguu na mchuzi. Mama mdogo alikuwa akificha paja moja ndani ya sufuria ya mlenda na kumpa Yohana akiwa amempa mgongo, kama anayetupa makoko.

Kila siku mvua ilinyesha, na kila siku iliyofuata Yohana aliingia shambani na bomba, akipita kati ya mistari, suruali imelowa mpaka kiunoni. Ungeweza kuona njia aliyopita. Siku chache baadaye madoa yalijitokeza pale pale alipopita, mistari miwili miwili, kushoto na kulia kwake, na Mama mdogo alimwonyesha mumewe kwa kidole: "Tazama. Unapanda ugonjwa kwa mkono wako." Alipigwa kofi moja, pale pale kwenye matuta, mbele yangu na Yohana. Baba mdogo akamwambia Yohana aongeze sumu.

Siku ambayo Yohana alianguka, Sadiki wakala alikuwa amekuja kula. Gari lake aina ya pikapu lilikuwa uani, jekundu, limechafuka matope. Nilikuwa nimewanawisha mikono, nimeweka pilau na kuku mzima, na nimesimama pembeni na birika kama nilivyoamriwa. Mama mdogo akaingia sebuleni na miguu yake ya shambani, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasema Yohana kaanguka, anatoa mate kama povu na anatetemeka nyama za mwili.

"Mgeni anakula," alisema Baba mdogo.

"Anakufa, Kibwana. Gari hili hapa."

"Nimesema mgeni anakula. Huna adabu?"

Sadiki aliinua macho, mfupa uko mdomoni. Hakuwa mtu katili, nafikiri. Alikuwa ana njaa tu. "Ana nini? Malaria?" aliuliza.

"Malaria," Baba mdogo akajibu. "Hawa watu wa Dodoma wakija huku mbu wanawafurahia." Wakacheka wote wawili, Sadiki kidogo kuliko mwenzake.

Mama mdogo alitoka, nami nikaweka birika chini nikamfuata. Yohana tulimkuta amelala ubavu nje ya kibanda. Shati lake lilikuwa limelowa sumu mgongoni, limebadilika rangi. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano, na kifua kilikuwa kinakoroma kama mtu aliye majini. Tulimvua shati, tukammwagia maji, tukamsugua kwa sabuni ya kufulia. Aliniomba radhi kwa kuwa uchi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyaelewa: "Samahani, dada." Kupitia dirisha tulimsikia Baba mdogo akimsisitiza mgeni aongeze pilau, na mgeni akikataa, kisha akikubali. Walipotoka, Sadiki alimwona, akasimama. Akasema yeye anaelekea Dumila, si mjini, na amechelewa. Gari likaondoka. Tulimbeba Yohana kwa kitanda changu cha kamba, Mama mdogo, mimi na majirani wawili, tukielekea barabara kuu, matope yanatufika kwenye mashavu ya miguu. Kabla hatujaiona lami, mkoromo ulinyamaza. Majirani wakashusha kitanda bila kuambiwa.

Alizikwa kwenye makaburi ya kanisa dogo la Wakatoliki, katekista akasoma sala, mvua ikawa inajaza kaburi maji huku linachimbwa. Baba mdogo alikuja. Alivaa kanzu nyeupe, akanunua sanda na mbao, akalia machozi ambayo watu waliyaona. Tuliporudi nyumbani alivua kanzu, akaitundika, akaniuliza, "Bomba mmeliacha wapi?"

Kisha likatokea jambo ambalo nikilifikiria mpaka leo linanichafua moyo. Jua likawaka. Mvua ilisimama kabisa mwishoni mwa masika, mawingu yakarudi upande wao wa mlima, upepo ukawa mkavu, na pamba ikatoa majani mapya, laini, safi, hayana hata doa moja. Bwana Sanga alikuwa amesema hivyo hivyo. Shamba la jirani yetu, ambaye alimsikiliza na kukaa nje ya pamba yake mpaka majani yakauke, lilikuwa zuri zaidi. Lakini Baba mdogo alisimama kwenye ukingo wa shamba mikono kiunoni na kuwaambia wapita njia: "Mnaona? Dawa imefanya kazi. Walioogopa kupiga dawa wataona." Na watu walikubali. Niliona wazee wenye akili zao wakiitikia kwa vichwa na kumuuliza alichanganya vipi. Kifo cha Yohana kikageuka sehemu ya ile dawa, kama gharama ya mbolea.

Mama mdogo alikwenda kwa kaka yake, Mjomba Mkude, aliyekuwa mkubwa wa ukoo na mwenye neno juu ya ardhi. Alitaka Kibwana atolewe shambani. Walikutana sebuleni kwetu, wazee wa ukoo juu ya viti vya kuazima, na mimi nikapika chai na magimbi. Mama mdogo alieleza kila kitu, kofi, sumu, gari, pilau. Hakulia. Mjomba Mkude alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa. "Dada yangu, mtu wa watu amekufa, Mungu amrehemu. Lakini shamba lile unaliona lilivyo. Sisi tulilima miaka yote, nani aliwahi kupata pamba namna ile? Mume akikosea anasemwa, hang'olewi." Kisha akamgeukia Kibwana, akamwomba kwa heshima msimu ujao amsaidie mbegu kama zile. Wazee wakanywa chai yao. Mama mdogo aliambiwa amwombe mumewe radhi kwa kumwaibisha mbele ya ukoo, akaomba. Niliona mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa juu ya kanga, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele.

Vitumba vilijaa. Ungepita pale ungesema ni shamba la maonyesho. Mwezi Juni, ambao kwetu ni baridi na ukavu, mvua ikarudi. Haikuja ya kishindo. Ilikuja ya manyunyu, siku na siku, na ukungu unaoshuka mlimani na kukaa juu ya pamba mpaka mchana. Vitumba vilivyokuwa na kovu dogo la ule ugonjwa, vidonda ambavyo havionekani usipovigeuza, vikaanza kunywa maji. Majani mapana aliyojivunia yalizuia upepo usipite chini yake, hakuna kilichokauka. Kitumba ukikiminya kinatoa maji ya rangi ya chai na harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndooni. Tulichuma tulichochuma. Nyuzi zilikuwa za kijivu, za njano, zimegandana. Hata fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini, ilikuwa na rangi nzuri kuliko yetu. Sadiki alikuja na lori, akatia mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa, akaunusa na kuupangusia suruali ya Baba mdogo. Ndiyo, kwenye suruali ya Baba mdogo, mbele ya kijiji kizima. "Mzee, hii hata godoro la mbwa haifai," alisema. Watu wale wale waliouliza mchanganyo wa dawa wakacheka mpaka wakashikana. Mimi pia nilicheka. Mama mdogo hakucheka.

Sikupata raha niliyoitarajia. Jioni ile Baba mdogo alimpiga mkewe mpaka majirani wakaingia, wakamtoa, wakampeleka kwa Mjomba Mkude, ambaye asubuhi alimrudisha. Mwaka uliofuata Mama mdogo aliondoka kwa miguu yake, akaenda Kingolwira, akapanga chumba karibu na stesheni na kuuza vitumbua mpaka alipofariki. Ukoo haukumtoa Kibwana. Alioa tena, akazaa, akaacha pamba, akalima ufuta, ubaya wake ukasahaulika, akazeeka vizuri. Amezikwa katika ardhi ya ukoo wetu.

Lakini kabla Mama mdogo hajaondoka, wakati mashina meusi ya pamba bado yamesimama shambani hakuna aliyeyang'oa wala kuyachoma, mama yake Yohana alifika. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amejifunga kaniki, ametoka kwao Mpwapwa mpaka Dumila kwa basi, na kutoka Dumila kwa kuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha shida. Baba mdogo alimpokea kwa "shikamoo mama" ya kuinama, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akaamuru kuku achinjwe. Alimsimulia jinsi malaria ilivyompanda kijana kichwani, jinsi alivyohangaika kutafuta gari, jinsi sanda alivyonunua nzuri. Yule mama alisikiliza mikono iko mapajani. Kisha akateremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye sakafu ya sebule ile na kumshukuru, kwa Kigogo na kwa Kiswahili, kwa kumzika mwanawe kama mtu mwenye kwao.

Mama mdogo na mimi tulimsindikiza makaburini. Alikaa pale muda mrefu, akang'oa majani madogo yaliyoota juu ya udongo. Tulipokuwa tunarudi, pale njia inapopita kando ya shamba, Mama mdogo alimshika mkono akasimama.

"Mama, nisikilize. Haikuwa malaria. Mwanao alipewa—"

Yule mama alimwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama unavyomnyamazisha mtoto kanisani. Macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa akiyatazama yale mashina.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi nina njia ndefu. Niache nirudi na malaria. Malaria naijua."

Akajifunga kaniki yake upya, akauliza basi la Dumila linapita wapi.